Oili Nzito Si Nguvu ya Injini

"Huku kwetu joto, weka nzito." Kaa kijiweni Mikumi, pale mabasi ya Iringa na Mbeya yanaposimama abiria wachimbe dawa, au shuka Kilosa mjini ukae chini ya miembe, utaisikia sentensi hiyo kabla kahawa haijapoa. Anaianza fundi, dereva wa Noah anaidakia, muuza spea anaimalizia huku galoni ameshalishika mkononi. Mwenye gari, ambaye IST yake juzi tu imetoka bandarini, anatikisa kichwa kukubali. Mimi nasonya. Nasonya kwa sababu najua hilo gari litarudi: taa ya cheki injini inawaka, mlimani halivuti, likisimama linatetemeka, na petroli inakwisha kabla ya siku yake. Na fundi yuleyule aliyeweka nzito ndiye atakayeanza kutafuta sensa ya kubadilisha.

Jamani, leo tulimalize hili, maana watu wanashushiwa injini kwa ushauri wa bure.

Imani hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Ina historia, na ni historia ya barabara hii hii inayokatiza Mikumi. Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru kule Rhodesia, Zambia ilibanwa upande wa kusini, ikabidi mafuta yake yapite huku kwa malori, kwenye barabara ya udongo, mpaka bomba la TAZAMA lilipoanza kazi 1968. Malori yale yalikuwa na injini za dizeli za chuma kizito, hazina kompyuta wala sensa. Oili ilikuwa na kazi kubwa tatu: kulainisha, kupoza na kubeba uchafu. Namba 40 ilizifaa sana injini zile, na waliozihudumia ndio waliowafundisha kazi mafundi waliowafundisha mafundi wa leo.

Kilosa kuna pia habari ya reli juu ya hiyo. Mzee mmoja mstaafu wa reli alinikatisha maneno siku moja, akaniambia, "Mwanangu, sisi kwenye vichwa vya dizeli tumetumia namba 40 miaka yote, na vimepanda milima hiyo na mabehewa ya mizigo. Wewe unatuambia nini?"

"Shikamoo mzee wangu. Kwenye kichwa cha treni uko sahihi kabisa."

Na kweli yuko sahihi. Namba 40 ndiyo oili ya vichwa vingi vya dizeli duniani, si Kilosa peke yake. Kile kichwa kikiwashwa hakizimwi hovyo, kinanguruma kutwa kucha, oili inabaki ya moto. Ninachosema ni kwamba IST si kichwa cha treni. Linawashwa asubuhi, linapeleka watoto shule, linazimwa. Linawashwa saa nne, linakwenda sokoni, linazimwa. Na ndani yake oili imepewa kazi ya nne ambayo malori ya 1965 hayakuijua, nayo ni kutii amri za kompyuta.

Hapo naomba tutulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye shida yote.

Chukua injini ya 1NZ-FE, maana ndiyo iliyojaa mikoani: imo kwenye IST, Raum, Probox, na Premio na Allion za 1.5. Kamshafti ya vali za kuingiza hewa imefungwa gia ya cheni, na gia hiyo ndani si chuma kitupu. Ina vyumba vidogo, na katika kila chumba kuna bapa la chuma. Oili ikiingizwa upande mmoja wa bapa, kamshafti inasogezwa mbele na vali zinafunguka mapema zaidi. Ikiingizwa upande wa pili, kamshafti inarudishwa nyuma na vali zinachelewa. Hiyo ndiyo VVT-i yenyewe, ambayo Toyota walianza kuiweka kwenye magari katikati ya miaka ya 1990. Faida yake unaijua hata kama huijui kwa jina: ndiyo inayofanya kagari ka 1.5 kavute kwa resi ndogo, kasile mafuta, na bado kakimbie ukikakanyaga.

Sasa sikiliza. Kwenye gia ile hakuna mota, wala hakuna umeme unaoisukuma. Inasukumwa na oili uliyojaza wewe. Umeme unaishia kwenye vali moja nyembamba iliyochomekwa kwenye kichwa cha injini, ambayo mafundi wa umeme wa magari wanaiita OCV. Kompyuta, ile kontrolo boksi, inasoma resi, inasoma mguu wako, inasoma joto la maji, inaamua vali zifunguke lini, kisha inaiamuru OCV ipitishe oili huku au kule. Papo hapo sensa ya kamshafti na sensa ya krenki zinairudishia jibu: kamshafti imefika ilipotakiwa, au bado.

Na kontrolo boksi haijui umejaza nini. Ndani ya IST hakuna sensa ya kupima uzito wa oili. Kompyuta inajua joto la maji, na hesabu zake zote zimepangwa na watu waliodhani umejaza oili iliyoandikwa kwenye mfuniko. Ukijaza namba 40, ikatuma amri na kamshafti ikachelewa kufika, inajaribu tena. Ikiendelea kuchelewa kupita muda iliopangiwa, inaandika kosa na kuwasha taa. Ukichomeka mashine ya kupimia unakuta P0011 au P0012. Ya kwanza maana yake kamshafti imebaki mbele kuliko ilivyoamriwa, na gari la namna hiyo likisimama linatetemeka, pengine linazima. Ya pili maana yake imebaki nyuma, na hilo ndilo lisilovuta. Ukilipandisha mlima unakanyaga mpaka chini na linanung'unika tu.

Fundi akiona P0011 anasema, "Bosi, OCV imekufa." Mwenye gari ananunua OCV ya mtumba. Taa inazima siku chache, inarudi. "Basi ni sensa ya kamshafti." Inanunuliwa. Taa inarudi. "Basi ni kontrolo boksi." Ala! Watu wanafika mpaka kontrolo boksi, na muda wote huo hakuna aliyechomoa dipstiki akauliza humu ndani kuna nini.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho natamani kila mwenye gari akishike mkononi walau mara moja. Kwenye njia ya oili inayokwenda kwenye OCV kuna kichujio. Si ile filta ya oili unayoijua. Hiki ni kidogo, kinaingia kwenye ncha ya kidole, kina wavu laini wa chuma, na kinakaa nyuma ya boliti ambayo mafundi wengi hawajawahi kuifungua. Kikiwa kipya ukikiinua juani unaona mwanga upande wa pili. Kwenye gari lililokaa na oili ileile muda mrefu, kinatoka kimezibwa na tope jeusi, laini mithili ya rangi ya viatu, na mwanga hauonekani. Sasa ipitishe namba 40 ya baridi kwenye wavu huo. Kamshafti inasubiri oili ambayo haiji, na kompyuta inalaumu kamshafti.

Kwa hiyo wakati mwingine kosa si uzito peke yake, ni uzito na uchafu vimekutana. Lakini vinakwenda pamoja, kwa sababu anayeamini nzito ndiye pia anayeamini kwamba nzito haichakai, na anaendesha msimu mzima kuanzia mavuno mpaka kupanda bila kumwaga.

Tuje kwenye namba zenyewe, maana zinaogopwa bure. Wahandisi wa magari wa Marekani, SAE, walianza kupanga oili kwa namba tangu 1911. Kwenye galoni la 5W-30, hiyo 5 ya mwanzo yenye W inasema oili inavyopita ikiwa ya baridi, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo inavyowahi kufika juu. 30 ya mwisho inasema uzito wake ikiwa ya moto, kwenye nyuzi 100, ambako injini inafanyia kazi. Hapo oili ya 30 lazima iwe kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo chao, na ya 40 inaanzia 12.5 mpaka 16.3. Unaona zinapakana? Zikiwa za moto, tofauti si ya kutisha. Balaa lipo zikiwa za baridi. Kwenye nyuzi 40, namba 40 ile kavu isiyo na W huwa nzito mara mbili hivi ya 5W-30, na chini ya hapo pengo linazidi kupanuka. Asubuhi ya Julai Kilosa, umevaa sweta, umepiga stata, oili hiyo ndiyo inayotakiwa ipande mpaka kwenye kamshafti.

Hapo mtu anakwambia, "Lakini presha iko juu, taa ya oili imezima haraka." Presha kubwa haina maana kwamba oili imefika. Pampu ikisukuma kitu kizito presha lazima ipande, kwa sababu kinakataa kupita. Inapozidi sana, vali ya usalama ya pampu inafunguka na kuirudisha oili kwenye sampu. Sensa ya taa inaona presha, inazima taa, wewe unafurahi, na huko juu kamshafti bado inasaga chuma kwa chuma.

Sasa lile neno la joto. Ndilo linalonitoa povu kuliko yote.

Joto la Mikumi ni la kweli, silibishi. Oktoba na Novemba kabla ya mvua, lami inachemka. Lakini injini haifanyi kazi kwa joto la Mikumi. Inafanya kazi kwa joto lake yenyewe, na joto hilo linalindwa na themostati, kale kavali kanakozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na kidogo. Nje iwe nyuzi 15 au iwe 35, maji ya injini nzima yenye rejeta nzima yanakaa palepale. Waliosema 5W-30 walishajua kwamba oili itafika nyuzi 100 na kuzidi. Hukuwaletea jambo jipya kuwaambia kwamba Mikumi kuna jua.

Ila sisi tumefanya nini? Tumeing'oa themostati! Nenda gereji yoyote kando ya barabara hii uulize, "Hii gari ina themostati?" Fundi atacheka. "Tulishaitoa, mzee, ilikuwa inachemsha." Ilikuwa inachemsha kwa sababu rejeta imejaa kutu, na imejaa kutu kwa sababu inanyweshwa maji ya mto Mkondoa badala ya kulanti. Badala ya kuzibua rejeta tukaivua injini nguo yake.

Angalia matokeo yake. Unatoka Morogoro asubuhi ya baridi, unaingia hifadhi ya Mikumi. Barabara inapita ndani ya hifadhi kilometa 50 hivi, na mwendo unaoruhusiwa ni mdogo, na ni sheria nzuri kwa sababu tembo na twiga wana haki yao. Hiyo ni safari ndefu ya mguu mwepesi, upepo unapiga rejeta, na maji yanazunguka bila kizuizi. Injini haipati joto. Kompyuta inasoma maji ya baridi, inadhani ndiyo kwanza gari limewashwa, inaongeza petroli. Petroli inayozidi haiungui yote, nyingine inateremka kwenye kuta za silenda mpaka kwenye sampu. Oili nayo haipati joto la kutosha, inabaki nzito, VVT inasinzia, pistoni zinasukumana na mnato. Mwisho wa safari mtu analalamika, "IST gani hii inakunywa kama Land Cruiser?" Halafu, kwa sababu anaona injini "haina nguvu", anashauriwa aweke nzito zaidi. Nasonya tena.

Haki lazima itendeke upande wa pili pia, nisije nikaonekana mpiga debe wa oili nyepesi. Oili ikiwa nyepesi kuliko inavyotakiwa ni hatari, tena hatari inayoua haraka. Krenki haikai juu ya chuma, inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Wahenga waliposema usione vyaelea, vimeundwa, hata krenki imo. Utando huo ukikatika, beringi zinalika, injini inanoki. Na VVT nayo inaumia: oili nyepesi mno ikiwa ya moto, gari likiwa limesimama kwenye kizuizi cha polisi na resi ziko chini, presha inaanguka, oili inavujia pembeni mwa mabapa yale, na kamshafti haishiki mahali ilipoamriwa. Matokeo ni kosa lilelile na taa ileile. Ndiyo maana kuisoma taa bila kuijua oili ni kupiga ramli.

Na wepesi huo mara nyingi haukuletwa na galoni. Umeletwa na petroli inayoteremka, kama nilivyosema, na umeletwa na uzee. Oili za namba mbili zina viongeza mnato ndani yake, na viongeza hivyo vinakatikakatika kadiri vinavyosagwa. Nusa dipstiki. Ikinuka petroli, usibishane na mtu, mwaga.

Injini iliyochoka nayo ina hesabu yake. Gari lenye ringi zilizolika, linalotoa moshi wa bluu na kula oili, mtu akilipandisha kutoka 5W-30 mpaka 10W-40 ili limsukume mwaka mwingine akisubiri pesa ya kulishusha, simlaumu. Hata baadhi ya vitabu vya Toyota vya nchi za joto vinaruhusu 15W-40 au 20W-50 kwa injini fulani. Tofauti ni kwamba aliyeandika kitabu aliipima injini ile kabla ya kuruhusu. Sisi tunalipa gari zima dawa ya mgonjwa mahututi, hadi lile lililoshuka melini likiwa na afya.

Kuna gari moja nitalitaja kwa jina kwa sababu limewaliza wengi: Isuzu Bighorn ya dizeli, ile ya lita 3.0 yenye injini ya 4JX1, ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Hilo limekwenda mbali kuliko IST. Nozeli zake zinasukumwa na oili ya injini. Kuna pampu ya pili inayoipandisha oili presha kubwa kabisa, kompyuta inafungua njia, oili inagonga pistoni ndogo ndani ya nozeli, na hiyo ndiyo inayoibana dizeli mpaka itoke kama moshi. Caterpillar walitumia ufundi huohuo kwenye injini za C7 na C9, ambazo ziko kwenye mitambo mingi ya barabara. Kwenye injini za namna hii uzito wa oili unagusa moja kwa moja kiasi cha dizeli kinachoingia na wakati wake wa kuingia. Oili ikiwa nzito asubuhi, unapiga stata mpaka betri inalia, haliwaki, au linawaka kwa silenda mbili na moshi mweupe. Oili ikiwa chache au imejaa povu, linazima njiani. Nimeona watu wakipeleka nozeli za Bighorn Morogoro mjini zikasafishwe, zikarudi safi, gari bado gumu kuwaka, kumbe ndani ya sampu kuna namba 40 iliyopimwa kutoka kwenye pipa.

Vijana wa bodaboda, msidhani mmesahauliwa. Ninyi mna kesi tofauti, na kwenu nzito ina haki yake: Boxer imeandikiwa 20W-50, basi weka 20W-50. Kosa lenu ni jingine. Pikipiki inaogesha injini, gia na klachi kwa oili moja, wakati klachi ya gari haiogi oili ya injini. Oili nyingi za kisasa za magari, hasa nyepesi, zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukijaza oili ya gari kwa sababu imebaki kwenye galoni la bosi, klachi inaanza kuteleza: resi zinapanda, pikipiki haiendi, hasa ukiwa na abiria wawili na gunia la mahindi kutoka vijiji vyetu vya Ulaya au Rudewa. Mnakaza klachi, mnabadilisha sahani za klachi, na shida inarudi. Tafuteni kopo lililoandikwa JASO MA au MA2. Wajapani waliweka alama hiyo 1998 kwa ajili ya klachi zinazoogelea kwenye oili. Na kwa kuwa Boxer inabeba lita moja na ushei tu ya oili na inapiga kazi kutwa juani na vumbini, oili yake inachoka mapema sana. Dogo anayemwaga oili kwa wakati na dogo anayeongezea juu kwa juu, mwaka ukiisha pikipiki zao hazifanani.

Madereva wa malori sina ugomvi nao mkubwa. Wengi wanaijua 15W-40 yao ya dizeli, wana ratiba ya kampuni, na mtu anayejua atapandisha mlima Kitonga na tani 30 mgongoni hachezei oili.

Ninaowalaumu kabisa ni wauzaji. Kwenye hili siwezi kumung'unya maneno. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa lisilo na maandishi haipaswi kuingia kwenye injini yenye VVT, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Huijui ni namba gani, huijui ilikaa wapi, huijui imechanganywa na nini. Na yako makopo yenye majina makubwa ambayo yamejazwa upya: kopo lilikuwa la kweli, kilichomo si chake. TBS ipo, EWURA ipo, Tume ya Ushindani inakamata bidhaa bandia, na wafanye kazi hiyo mpaka huku wilayani, wasiishie Kariakoo. Lakini kopo tupu linaanzia mikononi mwetu. Fundi anamaliza kujaza, anatupa kopo zima na kifuniko chake pembeni, jioni anapita mtu anaokota. Kopo hilo litamrudia mtu mwingine likiwa limejaa oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa. Oili chafu kazi yake inajulikana vijijini, ni kupaka nguzo na mbao mchwa wasile. Ibaki huko.

Basi nakuomba, wewe mwenye gari unayesoma, safari ijayo ya kumwaga oili usimtume mtoto wala usibaki kijiweni. Simama pale. Fungua boneti usome mfuniko wa kujazia oili, au kitabu kama kipo, ununue namba hiyo kwenye galoni lililofungwa. Mwambie fundi afungue ile boliti ya kichujio cha VVT na akuonyeshe wavu. Muulize kama themostati ipo, na kama haipo irudishwe pamoja na kulanti, baada ya rejeta kuzibuliwa. Ukimaliza, toboa galoni kwa bisibisi kabla hujaondoka. Taa ya cheki injini ikiwaka baada ya hapo, ndipo ununue sensa.